Pampu, trekta au mbegu safi? Lita zinazoingia na magunia yanayotoka kwenye ekari ya viazi mviringo

Shemeji yangu analima viazi mviringo Wanging'ombe, mkoani Njombe, ekari moja na nusu hivi. Mwaka huu alikuja na swali ambalo nadhani liko vichwani mwa wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini, na hata wa waru, yaani viazi hivihivi, kule Nyandarua na Molo nchini Kenya: fedha ipo ya jambo moja tu. Anunue pampu ya petroli na springkla alime mpaka kiangazi? Akodi trekta aachane na vibarua wa jembe? Au anunue mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu Tanzania?

"Shemeji, mimi naona pampu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Pampu inaonekana. Mbegu unaifukia chini, nani anajua kama ilikuwa mbegu au viazi vya sokoni?"

Hapo ana haki, maana wapo wanaouza viazi vya sokoni kwenye magunia ya mbegu. Lakini kuonekana kwa pampu ndiko kulikonifanya nikae na kalamu. Tukilinganisha njia za kulima kwa macho, mashine zitashinda kila siku. Nikaamua nilinganishe kwa nishati: ni kiasi gani kinaingia kwenye ekari, na ni magunia mangapi yanatoka.

Ninavyohesabu

Nageuza kila kitu kuwa lita za dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajouli (kipimo cha nishati) 36 hivi. Kilo moja ya viazi vibichi ina nishati ya chakula ya megajouli 3.2, kwa hiyo gunia la kilo 100 ni sawa na lita 9 za dizeli, ila hizo tunazila. Nikisema gunia hapa namaanisha kilo 100 kwenye mizani, si lumbesa. Anayehesabu mavuno yake kwa lumbesa amekwishajipunja kabla dalali hajafika.

Nguvu ya binadamu sijaiweka kwenye lita. Watafiti wana namna ya kuihesabu, lakini mimi naona kibarua atakula ugali wake alime asilime. Gharama yake ni ya fedha na muda, si ya mafuta.

Mbegu nayo naihesabu tofauti. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya matuta na 30 kati ya mashina huchukua mashina kama 18,000, na mbegu yake ni kilo 800 mpaka 1,000. Tuseme 800. Hayo ni magunia 8 ya chakula unayoyazika, basi lazima yatolewe kwenye mavuno kabla hujasema umepata kitu.

Mfuko wa mbolea unakula mafuta kuliko trekta

Jambo hili lilimshangaza shemeji, na mimi mara ya kwanza lilinishangaza pia. Trekta ikilima ekari, ikapiga haro na kuinua matuta, itachoma dizeli kama lita 15, kidogo zaidi kama udongo ni mzito au dereva anapenda kuzungukazunguka. Tunauona moshi, tunasikia mlio, tunasema hapa nishati inatumika.

Sasa tazama mfuko wa Urea wa kilo 50 uliolala kimya stoo. Ndani yake kuna kilo 23 za naitrojeni. Naitrojeni hiyo imetolewa hewani kwa njia waliyoianzisha Wajerumani Haber na Bosch, ambayo kiwanda chake cha kwanza kilianza kazi Oppau mwaka 1913, na mpaka leo njia ni ileile: gesi asilia nyingi, joto kali, mgandamizo mkubwa. Ukijumlisha yote, mfuko mmoja wa Urea umekula nishati sawa na lita 30 hadi 35 za dizeli. Maana yake mfuko mmoja unashinda safari zote za trekta shambani kwako mara mbili. DAP, mbolea ya kupandia, ina naitrojeni kilo 9 tu kwa mfuko, lakini na fosfati kilo 23, nayo inafika kama lita 20. CAN, ya kukuzia, ni kama lita 15.

Ndiyo maana bei ya gesi ilipopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, mfuko wa mbolea ulipaa Makambako na Mbalizi, mpaka serikali ikaleta ruzuku msimu wa 2022/23. Mkulima aliyelima kwa jembe la mkono, ambaye hajawahi kununua lita moja ya dizeli, alikuta bei ya nishati ya dunia imemfuata mpaka kwenye tuta.

Na si kwetu tu. Watafiti waliopima mashamba ya viazi ya mkoa wa Ardabil, Iran, walichapisha mwaka 2008 kwamba hekta moja ilikuwa ikitumia zaidi ya megajouli 81,000, na mbolea za viwandani peke yake zilichukua asilimia 40 hivi. Walivuna tani 28 kwa hekta, ambayo kwetu ni ndoto ya wengi, lakini kwa kila nishati 1 iliyoingia walipata 1.25 tu. Wao walihesabu mpaka mbegu, mitambo na jasho, kwa hiyo usiiweke namba yao kando ya zangu moja kwa moja.

Jembe, maksai au trekta

Hapa nitapita haraka, kwa sababu viazi havijui nani alilima. Vinataka udongo uliolegea sentimita 20 hadi 30 kwenda chini, na tuta lililoinuliwa kwa wakati. Jembe la mkono hulifikia hilo kwa siku nyingi za vibarua. Maksai wanamaliza ekari kwa siku chache na mafuta yao ni majani. Trekta inamaliza asubuhi moja kwa lita zile 15.

Faida ya trekta ni kuwahi. Mvua za Novemba zikianza na shamba lako bado gumu, wiki tatu za kusubiri vibarua zinaweza kukupotezea magunia mengi kuliko lita 15 zinavyogharimu. Lakini kwenye miteremko ya Uporoto au Makete, trekta inayolima kutoka juu kwenda chini inapeleka udongo wako kwa jirani wa bondeni. Huko maksai na matuta yanayokinga mteremko ni bora, na wala si kwa sababu ya mafuta.

Trekta inaongeza lita 15 kati ya makumi. Si hapo vita ilipo. Kama una fedha ya jambo moja, lisiwe hili, labda uwe na ekari kumi na vibarua hawapatikani.

Mbegu: magunia yasiyoongeza lita hata moja

Namba hizi ni za mfano, nimezipanga mimi ili tuone uhusiano. Mavuno ya shamba lako yatategemea udongo, ugonjwa wa ukungu na mkono wako. Ila nimezikalisha ndani ya mipaka ya kweli: wastani wa mkulima mdogo wa Tanzania na Kenya ni tani 7 hadi 10 kwa hekta, yaani magunia 30 hadi 40 kwa ekari, wakati mkulima mwenye mbegu safi na matunzo mazuri hufika mara mbili ya hapo na zaidi.

| Ekari | Lita zinazoingia | Magunia yanayovunwa | Yakitolewa 8 ya mbegu | Lita kwa gunia |
|---|---|---|---|---|
| 1. Jembe, mvua, mbegu ya nyumbani, DAP mfuko 1 | 20 | 30 | 22 | 0.9 |
| 2. Jembe au maksai, mvua, mbegu ya nyumbani, DAP 3 na CAN 1 | 75 | 40 | 32 | 2.3 |
| 3. Kama ya 2, ila mbegu safi | 75 | 70 | 62 | 1.2 |
| 4. Trekta, mbegu safi, mbolea ileile, pampu ya petroli na springkla | 347 | 100 | 92 | 3.8 |
| 5. Kama ya 4, ila maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe kutoka juu) au sola | 90 | 100 | 92 | 1.0 |

Tazama mstari wa 2 na wa 3. Mbolea ni ileile, jembe ni lilelile, mvua ni ileile. Kilichobadilika ni kile kilichofukiwa. Magunia 30 yameongezeka bila hata lita moja. Kisha mtazame mkulima wa mstari wa 2 peke yake, maana ndiye ninayemwona kila msimu: amesikia mbolea inaleta mazao, amekopa, amemwaga mifuko minne juu ya mbegu iliyochoka, na lita zake kwa gunia zimepanda zaidi ya mara mbili kuliko za jirani yake asiyekuwa na kitu.

Mbegu huchokaje? Kiazi hakizaliwi na mbegu ya ua, kinazaliwa na kiazi kilichotangulia, kwa hiyo ugonjwa wa mama unamfuata mtoto. Virusi, hasa kile cha kukunja majani na kile kiitwacho Y, vinabebwa na vidukari shambani na kujazana msimu hadi msimu. Shina halifi. Linadumaa tu, linatoa viazi vidogo vingi ambavyo kwa bahati mbaya ndivyo vyenye ukubwa wa mbegu. Vikubwa tunauza, vidogo tunapanda. Yaani kila mwaka tunachagua wagonjwa kwa mikono yetu wenyewe.

Halafu kuna mnyauko bakteria, huo ni mwingine kabisa. Shina linalegea mchana wakati udongo una maji. Ukitaka uhakika, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, usichukue mbegu hapo hata moja, na viazi vipumzike shambani humo kwa misimu kadhaa, upande mahindi au ngano. Usiwafuatishe nyanya wala pilipili, ni ndugu wa damu na viazi. Na kisu cha kukatia mbegu vipande ndiyo njia ya haraka ya kuusambaza. Panda kiazi kizima cha ukubwa wa yai la kuku.

Asiye na fedha ya mbegu ya lebo hajafungiwa mlango. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kilifundisha wakulima wa Kenya njia ya kuchagua mashina: viazi vikianza kutoa maua, unapita shambani na vigingi, unachomeka kigingi kando ya kila shina lenye afya na nguvu, majani mapana yasiyojikunja. Wiki mbili baadaye unapita tena. Shina lililobadilika unaling'oa kigingi. Mavuno ya vigingi yanachimbwa kwanza, peke yake, na shina lililotoa viazi vichache hata kama vikubwa halihifadhiwi. Majaribio ya huko Kenya yalionyesha mavuno kuongezeka kama theluthi moja. Gharama ni vijiti na asubuhi mbili. Haiponyi mnyauko bakteria, hilo lisisahaulike.

Katikati ya njia hizo mbili kuna ya tatu, na ndiyo niliyomshauri shemeji: nunua mbegu safi ya robo ekari tu, kilo 200. Ipande pahala pasipowahi kuwa na viazi karibuni, itunze kama mgonjwa. Ikikupa magunia 17, nusu yake ikiwa ya ukubwa wa yai, tayari una mbegu ya ekari nzima msimu ujao.

Kuhusu aina, usiifuate inayosifiwa redioni, fuata soko na ugonjwa. Asante na Sherekea zinastahimili ukungu kuliko nyingi, na kila mara usiyobeba bomba la mgongoni ni dawa isiyotengenezwa kiwandani. Shangi ya Kenya inashambuliwa na ukungu na inachipua upesi ukiiweka, lakini inaiva haraka jikoni. Mama wa chipsi anayenunua mkaa kwa kopo anakuelewa vizuri ukimwambia hilo, hata kama hajui megajouli ni nini.

Maji: hapa ndipo lita zinapokimbilia

Mstari wa 4 umefika lita 347. Trekta ni 15, mbolea 75. Zilizobaki 257 zote zimechomwa na pampu: ni petroli ya msimu mzima, lita 280, iliyogeuzwa kuwa dizeli, maana lita ya petroli ina nishati pungufu kidogo.

Viazi vinahitaji milimita 500 hadi 700 za maji kwa msimu. Tuseme umepanda mwishoni mwa masika ardhi ikiwa na unyevu wake, baridi ya Juni na Julai inapunguza kiu, na unaongeza milimita 25 kila wiki kwa wiki 14. Milimita 25 kwenye ekari ni mita za ujazo 100 zinazofika kwenye mizizi. Zinazotoka mtoni ni zaidi. Kumbuka mita moja ya ujazo ni tani moja. Wewe unapandisha mlimani tani zaidi ya mia kila wiki, kwa injini ndogo ambayo, ukijumlisha hasara zake na za pampu, inageuza sehemu moja tu kati ya kumi ya petroli kuwa maji yanayopanda.

Tuchukue kijito kilicho mita 20 chini ya shamba.

Kwa mifereji kati ya matuta, karibu maji mawili kati ya matano yanapotea, kwa hiyo unavuta tani 168 kwa wiki. Petroli: lita 10 hivi. Kwa springkla hasara ya maji inapungua, unavuta tani 135, lakini springkla inataka msukumo, na msukumo huo ni sawa na kupandisha maji mita 30 nyingine juu ya zile 20. Petroli: lita 20. Kwa matone unavuta tani 112, msukumo wake ni mdogo, kama mita 10 za ziada. Petroli: lita 10.

Yaani matone na mifereji vinakula mafuta sawasawa, springkla inakula mara mbili. Matone yanaokoa maji. Mafuta hayaokoi mpaka umbali wa kupandisha uwe mkubwa. Hili wauza mabomba hawakwambii, na mimi mwenyewe niliamini kinyume chake mpaka nilipopiga hesabu.

Lakini usiishie kwenye mafuta. Springkla inalowesha majani, na jani lililolala limelowa kwenye baridi ya Njombe ni mwaliko wa ukungu, kwa hiyo unaongeza na dawa. Mfereji unaopita kwenye shamba la jirani mwenye mnyauko bakteria unakuletea mnyauko wake bila nauli. Matone hayaloweshi majani wala hayapiti juu ya udongo wa jirani, ingawa maji yenye mnyauko yatauleta hata kwa matone, na mipira yake inasumbua wakati wa kupandishia udongo, itabidi uinyanyue na kuirudisha.

Tena kuna jambo la mwinuko ambalo limewatoa watu machozi. Njombe mjini ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Injini ya petroli inapoteza kama moja ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Na uwezo wa pampu kunyonya maji kutoka chini unapungua pia: inayonyonya mita 7 Dar es Salaam, huku isitegemewe zaidi ya 5. Nilishuhudia pampu mpya ikiwekwa juu ya ukingo, mita saba juu ya maji, ikapiga kelele siku nzima bila tone. Mwenye nayo akairudisha dukani akidai ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ingeshushwa ukingo wa chini ingesukuma vizuri tu, maana kusukuma na kunyonya ni kazi mbili tofauti.

Sola? Kwa mifereji au matone kwenye shamba hili, pampu ya umeme inahitaji kama yuniti 3 kwa siku, yaani paneli za wati 800 hadi 1,000. Asubuhi za ukungu wa Juni zitakuangusha kidogo, kwa hiyo weka tangi juu ya shamba lijae taratibu. Paneli nazo zimetengenezwa kwa nishati, lakini huirudisha ndani ya miaka michache na kuendelea kwa zaidi ya ishirini. Ubaya wake unaujua: fedha yote inatoka siku moja, na paneli zina wapenzi wengi usiku.

Mserereko unashinda zote. Kama kuna chemchemi au kijito juu ya shamba lako, hata mita 500 mbali, mpira mrefu utakupa mstari wa 5 bila injini. Na kwa walio mabondeni, vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, ni teknolojia ya wazee wetu isiyo na lita: unyevu uko pale pale, unapanda masika yakiisha. Mipaka yake ni ya sheria na ya busara kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na bonde likikaushwa kinyungu chenyewe kinakufa.

Kwa haki ya pampu niseme hivi. Ukiitumia kuongeza mazao ya masika, kutoka mstari wa 3 kwenda wa 4, kila gunia la ziada limekula lita 9, sawa na nishati yote iliyomo ndani ya gunia lenyewe. Huo ni mchezo wa kubadilisha dizeli kuwa chipsi. Lakini kiangazi bila maji hupati gunia hata moja, kwa hiyo magunia yote 92 ni ya pampu, kwa lita 3.8 kila moja, na bei ya Oktoba si bei ya Machi. Hapo inalipa, mradi mbegu ni safi. Pampu juu ya mbegu iliyochoka ni mstari wa 2 uliozidishwa.

Samadi au dukani?

Tani 5 za samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri zina naitrojeni kilo 25 mpaka 50, yaani mfuko mmoja au miwili ya Urea. Lita zake ni za mkokoteni tu. Samadi pia inashika maji, kitu ambacho hakuna mfuko unaofanya. Ubaya: fosfati yake ni chache kwa kiazi, na udongo wetu mwingi mwekundu unaing'ang'ania fosfati usiachie. Mbichi inaleta magugu na upele wa ngozi ya kiazi. Mimi ningetumia samadi na nusu ya DAP, si moja peke yake. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kulisha ekari mbili kwa samadi, tusidanganyane.

Baada ya shamba

Lori aina ya Fuso lenye tani 10 kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, kilomita 700 na kitu, linachoma karibu lita 200. Ni lita 2 kwa gunia, zaidi ya zote zilizoingia shambani kwenye mstari wa 3 au wa 5. Kiazi kilichokatwa na jembe wakati wa kuchimba, au kilichovunwa ngozi haijakomaa, kinasafiri kwa lita zilezile na kutupwa sokoni Mabibo. Kata majani wiki mbili kabla ya kuchimba, basi.

Mbegu haihitaji friji. Stoo yenye mwanga hafifu, vichanja vya mianzi, paa la nyasi na wavu wa kuzuia nondo wa viazi, inaitunza kwa miezi kadhaa. Mwanga unaifanya iwe ya kijani na machipukizi yawe mafupi na manene badala ya ile mikia mirefu ya gizani inayokatika ukiigusa. Viazi vya kula ni kinyume chake, gizani kabisa, kwa kuwa ukijani ni dalili ya sumu. Chumba cha baridi cha umeme kina maana kwa chama cha ushirika chenye soko la kusubiri. Kwa mtu mmoja mwenye ekari moja na nusu, baridi ya usiku ya Njombe inatosha na haina luku.

Nani achague nini

Asiye na uhakika wa mbegu yake, jibu ni mbegu, kabla ya mfuko wa pili wa mbolea na kabla ya injini yoyote. Mwenye mbegu safi tayari na kijito kisichozidi mita 20 chini, akiwa na soko la Oktoba, anunue pampu, atumie mifereji au matone, mradi maji hayatoki kwa jirani mgonjwa. Mwenye chemchemi juu ya shamba anunue mpira. Kijito kikiwa mita 50 chini, hesabu ya petroli ya mifereji au matone inafika mara mbili au zaidi. Huyo ama asubiri sola ama alime masika tu na kulala vizuri. Trekta ni ya kukodi siku ambayo mvua imekuwahi.

Shemeji amenunua mbegu ya robo ekari, amechonga vigingi kwa sehemu iliyobaki, na DAP amepunguza mfuko mmoja akaweka samadi. Pampu hajanunua. Ila Jumapili iliyopita alishuka na mwanawe na kamba na kipimamaji cha fundi ujenzi, kutoka kona ya juu ya shamba mpaka kwenye maji. Mita kumi na saba.